Kabla Hujanunua Pedali Nyingine

Sanduku la nyaya la kanisa letu hapa Umoja, Nairobi, lina pedali tano za sasteni, zile za mguu zinazofanya sauti ya kinanda iendelee kuvuma. Kila moja ilinunuliwa kwa sababu iliyoitangulia ilisemekana imeharibika. Jumamosi moja baada ya mazoezi nilizitoa zote, nikazipima moja moja kwa mita ya umeme, na nne zikaonekana hazina ugonjwa wowote. Pesa za sadaka zilikuwa zimekwenda dukani mara nne bure.

Mimi si fundi wa duka. Napiga kinanda kanisani na kwenye harusi, na kwa kuwa nina mita na chuma cha kulehemu, wapigaji wenzangu huniletea vifaa vyao vikigoma. Swali ninaloulizwa zaidi ni, "Ninunue pedali gani?" Nami huwa najibu kwa swali lingine: kinanda chako kinafanya nini sasa hivi? Pedali ya kununua, kama kweli kuna ya kununua, inategemea jibu la hapo.

Jambo moja la kushika kwanza. Ndani ya pedali ya kawaida hakuna muziki wowote. Ni swichi, ndugu yake kengele ya mlango: nyaya mbili, kipande cha chuma cha kuzigusanisha au kuzitenganisha, na springi ya kurudisha mguu juu. Kwenye piano ya nyuzi, pedali ya kulia huinua vizuizi vilivyolalia nyuzi, na nyuzi zikabaki zikivuma hata kidole kikiondoka. Kinanda cha umeme kinaiga hilo kwa kujiuliza swali moja tu: nyaya hizi mbili zimegusana au hazijagusana? Karibu kila ugonjwa ulioko hapa chini unatokana na kinanda kupata jibu lisilo sahihi.

Sauti inashika mguu ukiwa juu, inakatika ukikanyaga

Huu ndio uliotununulisha pedali tatu kati ya zile tano, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Watengenezaji hawakukubaliana swichi ikae vipi. Pedali za Yamaha kama FC4A na FC5 nyaya zake zimegusana wakati mguu uko juu, na ukikanyaga zinaachana. Casio SP-3 ni kinyume: zimeachana mguu ukiwa juu, na ukikanyaga zinagusana. Wenyewe huita jambo hili polariti. Chomeka ya huku kwenye kinanda cha kule, na kinanda kitaamini umekanyaga wakati hujakanyaga.

Ili kuepusha vurugu hiyo, vinanda vingi vya leo hupima pedali wakati wa kuwashwa. Vile nyaya zilivyo sekunde hiyo, kinanda kinahesabu ndio hali ya "mguu juu". Ni akili nzuri, mpaka siku mguu uwe chini wakati huo.

Jumapili moja umeme ulipotea katikati ya nyimbo za sifa. Jenereta ikawashwa nje, mwalimu wa kwaya akanikonyeza tuendelee, nami nikabonyeza kitufe cha kuwasha kinanda huku mguu wangu wa kulia umekaa palepale ulipozoea kukaa. Nilipogusa noti za kwanza zikaganda. Nikaongeza nyingine, nazo zikaganda juu ya zile, mpaka ikawa kama sufuria zimeporomoka jikoni. Kila nilipokanyaga ili kuokoa hali, sauti ilikatika ghafla kama mtu amezibwa mdomo. Nilichomoa pedali nikamaliza ibada bila. Baadaye mzee mmoja akaniambia, "Kijana, nunueni pedali ya maana."

Tukanunua. Nikaichomeka mpya, nikawasha kinanda nikiwa nimesimama kando, na ikafanya kazi vizuri. Kila mtu akaisifu. Hakuna aliyegundua, hata mimi, kwamba ile ya zamani nayo ingefanya kazi vizuri vilevile kama ningezima na kuwasha tena mguu ukiwa sakafuni.

Basi dawa ya kwanza haina gharama. Zima kinanda. Ondoa mguu, na uangalie hakuna begi, kitabu cha nyimbo wala mguu wa stendi uliolalia pedali. Washa, subiri skrini itulie, ndipo ukanyage. Na usichomeke wala kuchomoa pedali kinanda kikiwa kimewashwa. Vitabu vya maelezo vya Yamaha vinasema hivyo waziwazi, kwa sababu hiihii ya kupima.

Ikiwa bado ni kinyume baada ya hapo, kinanda chako huenda hakipimi. Kimeshika upande mmoja tu. Angalia kwanza menyu. Arenja kubwa, yaani vinanda vyenye midundo ya kukufuatisha, huwa na ukurasa wa pedali ambamo polariti inageuzwa kwa kitufe. Kama huna menyu ya namna hiyo, hapo ndipo kununua kunapokuwa na maana, na cha kununua ni pedali yenye kiswichi kidogo cha kugeuzia upande. M-Audio SP-2 ni mfano; kiswichi chake kiko chini ya tumbo. Mtu anayepiga vinanda vya kuazima leo hapa kesho pale hana haja ya kufikiria sana. Achukue ya aina hiyo.

Na kwa mwenye chuma cha kulehemu: fungua pedali ile ya bei nafuu. Ukikuta ndani kiswichi kidogo cheusi chenye miguu mitatu, soma herufi zilizochorwa ubavuni: COM, NC na NO. Waya mmoja uko kwenye COM. Mwingine uhamishe kutoka NC kwenda NO, au kutoka NO kwenda NC, na pedali imegeuka upande. Ni kazi ya dakika kumi, na mbili kati ya hizo ni za kutafuta skrubu iliyoanguka. Ukikuta badala yake vipande vya chuma vinavyokunjana au kibao cha saketi, funga uache kama ilivyo.

Umekanyaga, hakuna kinachotokea

Usikimbilie pedali. Anza na tundu.

Nyuma ya vinanda vingi kuna matundu mawili yanayolingana kabisa kwa ukubwa, yote ya jeki (kichwa cha waya cha kuchomekea) nene ya milimita 6.35. Moja ni la pedali, jingine ni la spika za masikioni. Ukichomeka pedali kwenye la spika za masikioni, kinanda kinadhani umevaa spika na kinanyamazisha spika zake chenyewe. Kwa hiyo ukisikia, "Nilichomeka pedali na kinanda kikafa sauti kabisa," hakijafa. Chomoa haraka, maana pedali iliyogusanisha nyaya hapo inafunga saketi kwenye njia ya kutolea sauti, na hakuna kinachonufaika na hilo. Kwenye ukumbi wenye giza makosa haya ni rahisi. Mimi nimebandika kipande cha plasta ya kidonda juu ya tundu la pedali ili nilipate kwa kidole bila kutazama.

Pili, jeki imeingia mpaka mwisho? Sukuma mpaka usikie "tak". Jeki iliyobakisha hata milimita mbili nje inaweza kugusa mahali pasipostahili.

Tatu, pedali imepewa kazi gani? Tundu moja linaweza kuwa na kazi nyingi: kushika sauti, kuanzisha na kusimamisha mdundo, kubadili sauti uliyohifadhi. Casio CT-S300, kwa mfano, inakuruhusu kuchagua kati ya sasteni, pedali mbili nyingine za piano, na mdundo. Mtoto akicheza na vitufe siku ya Jumamosi, Jumapili unakanyaga na ngoma zinaanza. Kama ukikanyaga kuna jambo lolote linalotokea, hata lisilohusiana, pedali na waya wake ni vizima; kazi iko kwenye menyu.

Nne, sauti uliyochagua. Ngoma haina cha kushika. Kwenye Yamaha za familia ya PSR-E, ukigawa kinanda sehemu mbili, sauti ya mkono wa kushoto haiguswi na pedali, wala mdundo unaokufuatisha. Kwa hiyo besi inakatika huku piano ya mkono wa kulia inavuma, na mtu anaapa pedali "inashika nusu". Rudisha piano peke yake kwenye kinanda kizima kisha ujaribu tena.

Yote hayo yakipita, ndipo tupime. Chukua mita, iweke kwenye alama ya mlio. Waya mmoja wa mita uguse ncha ya jeki, mwingine uguse shina lake. Kanyaga, achilia, kanyaga, achilia. Mlio unapaswa kuja na kuondoka kwa kufuata mguu, bila kusita. Ukilia mguu ukiwa juu, hiyo ni ya upande wa Yamaha. Ukilia mguu ukiwa chini, ni ya upande wa Casio. Usipolia kabisa, au ukilia bila kukoma, hapo ndipo pedali inakuwa mgonjwa wa kweli.

Kuna dalili moja iliyonisaidia zaidi ya mita, na sijaona watu wakiitumia. Waya ukikatika katikati ya wimbo, aina mbili hizi haziugui sawa. Ile ya upande wa Casio inanyamaza tu: unakanyaga na hakuna kitu. Ile ya upande wa Yamaha inaganda: kwa kuwa kwake kuachana kwa nyaya ni ishara ya kukanyagwa, waya uliokatika unamwambia kinanda kwamba mguu umeshuka na haupandi tena. Kisha ukizima na kuwasha, kinanda kinapima upya, kinaona nyaya zimeachana, kinahesabu hiyo ndiyo hali ya kawaida, na sasa kinanyamaza. Mtu akiniambia, "Iliganda katikati ya ibada, nikazima nikawasha, sasa haifanyi chochote," sihitaji kuiona. Waya umekatika, na mara nyingi ni pale shingoni mwa jeki.

Inashika, inaachia, inashika yenyewe

Pedali inayofanya kazi ikijisikia ina magonjwa mawili, na yanafanana sana ukiyasikiliza.

La kwanza ni waya. Shika jeki kwa mkono mmoja, na kwa mwingine pinda waya polepole kuanzia shingoni kuelekea pedali, mita ikiwa imeunganishwa. Mlio ukitetemeka mahali fulani, umeupata. Kata waya sentimita kumi hivi kupita mahali hapo, nunua jeki ya kufungua kwa skrubu, lehemu waya wa ndani kwenye ncha na ule wa kuzunguka kwenye shina. Kwa pedali ya kawaida hata ukizibadilisha hakuna madhara, kwa sababu swichi haijui kushoto wala kulia. Jeki ya chuma ya skrubu itaishi kuliko ile ya plastiki iliyokuja nayo. Pia acha ile tabia ya kuizungushia pedali waya kwa nguvu baada ya ibada kama unafunga mzigo kwenye bodaboda. Waya hufia hapo.

La pili ni uchafu kwenye migusano. Nairobi ina vumbi, na ukumbi ukifagiliwa bila kunyunyizwa maji, vumbi lote la chini linatua palepale pedali ilipo. Kisha mwanakwaya anapiga deki na ndoo ya maji. Chuma kinapata kutu nyembamba usiyoiona, na umeme unapita ukitaka. Fungua, safisha migusano kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia saketi au pamba yenye spiriti isiyo na mafuta, acha ikauke kabisa, funga. Usiweke grisi. Usikwaruze kwa msasa mgumu pia. Migusano mingine imepakwa tabaka jembamba, na ukiliondoa ndio umeialika kutu rasmi.

Ikiwa springi ndiyo imechoka, yaani pedali hairudi juu yenyewe, sijaona faida ya kuihangaikia kwenye pedali ya plastiki. Nunua nyingine.

Unakanyaga mara moja inashika, unakanyaga tena inaachia

Hii si mbovu. Umeuziwa swichi ya gitaa.

Swichi za miguu ziko za namna mbili: zinazokumbuka na zisizokumbuka. Inayokumbuka ni kama swichi ya taa ukutani. Ukibonyeza inabaki hapo mpaka ubonyeze tena. Ndizo zinazotumika kubadili sauti za amplifaya ya gitaa. Kinanda kinataka isiyokumbuka. Boss wanauza zote mbili zikiwa na umbo lilelile kabisa: FS-5U haikumbuki, FS-5L inakumbuka. Herufi moja tu. Muuzaji asiyepiga muziki hatakuambia.

Na kwa kuwa nimeshaulizwa: pedali ya cherehani ya umeme haiwezi kubadilishwa kuwa ya kinanda. Ile hubeba umeme wa ukutani, volti 240. Usijaribu hata kwa mzaha.

Mguu uko chini lakini noti zinakatika

Hapa pedali inasingiziwa. Kila kinanda kina kikomo cha noti kinazoweza kupiga kwa wakati mmoja. Yamaha PSR-E373 inabeba 48, PSR-E473 inabeba 64. Nyingi, utasema, nami nina vidole kumi. Lakini pedali ikiwa chini, kila noti uliyoigusa bado inahesabiwa mpaka ife yenyewe. Ukiwa umeunganisha piano na nyuzi kwa pamoja, kila kidole kinakula noti mbili au zaidi. Washa na mdundo wenye besi, gitaa na tarumbeta, navyo vinakula kwenye sahani hiyohiyo. Kikomo kikifika, kinanda kinafuta noti za zamani ili kupisha mpya, na masikio yako yanasikia mashimo.

Dawa: ondoa sauti ya pili, au inua mguu kila noti za msingi zinapobadilika. Pedali ya bei kubwa haitaongeza hata noti moja.

Kumbuka pia kwamba piano hufifia. Ukikanyaga na ukashika noti za C, zitapungua mpaka ziishe, kama kwenye piano yenyewe. Ukitaka sauti isiyoisha chini ya sala ya mchungaji, chagua nyuzi au ogani. Hizo zitavuma mpaka uinue mguu, hata kama sala ni ndefu kama za kwetu.

Sauti inavuma hata pedali haijachomekwa

Kuna sasteni ya ndani, inayowashwa kwenye menyu au kwa kitufe cha juu, inayoongezea kila noti mkia. Izime. Bado inavuma? Punguza mwangwi, ule unaofanya chumba cha mabati kisikike kama kanisa kuu la mawe. Kama vyote vimezimwa na muziki bado ni uji, tatizo ni mguu: unauinua umechelewa. Mguu unapanda pale vidole vinapogusa noti mpya na unashuka mara baada ya hapo, haushuki pamoja na vidole. Mazoezi ya wiki moja, polepole, noti tatu tatu.

Nusu ya mguu

Wapigaji wa piano hutumia kukanyaga nusu: sauti ishike kidogo tu, isifunike. Swichi haiwezi hilo kwa sababu inajua ndiyo na hapana peke yake. Kinachoweza ni pedali yenye kipimo ndani, inayotuma hali zote za katikati. Yamaha FC3A, Roland DP-10 na Korg DS-1H ni za aina hiyo. Mara nyingi utazitambua kwa jeki: jeki ya swichi ya kawaida ina mkanda mmoja mweusi karibu na ncha, hizi kwa kawaida huwa na miwili.

Sasa angalia mtego. Kinanda lazima nacho kijue kusoma nusu. Vinanda vya kujifunzia kama PSR-E vimetengenezewa FC4A au FC5, yaani ndiyo na hapana tu. Ukileta yenye kipimo unaweza kupata pedali inayoshika ikiwa imeguswa kidogo tu, au isiyoachia vizuri, na utaondoka ukisema ni feki. DP-10 wameweka kiswichi nyuma cha kuigeuza iwe ya ndiyo na hapana, jambo ambalo ningependa kila mtengenezaji aige.

Usiichanganye pia na pedali ya kupandisha na kushusha sauti, ile ndefu kama ya gari isiyorudi yenyewe juu. Nayo ina mikanda miwili, nayo inaingia kwenye tundu vizuri kabisa. Lakini kazi yake ni nyingine.

Pedali inakimbia

Ukianza wimbo iko chini ya goti, ukimaliza iko chini ya ngoma. Hili linaonekana dogo mpaka upige harusi kwenye sakafu ya vigae vilivyopigwa polishi. Pedali ndogo ya mraba kama FC5 ni nyepesi na inateleza. Zile za umbo la piano, zenye ulimi mrefu wa chuma, ni nzito na zina mpira mpana chini. Kama unapiga kila wiki, hiyo ndiyo sababu pekee ya kweli ninayoiona ya kulipa zaidi.

Kwa wenye ile nyepesi: tafuta kipande cha zulia cha kutosha kiti na pedali pamoja. Uzito wako ukikaa kwenye kiti kilicho juu ya zulia lilelile, pedali haina pa kwenda. Kubandika kwa selotepu ya karatasi hakudumu hata ubeti wa pili. Na kisigino kibaki sakafuni. Anayekanyaga kwa mguu mzima angani anaipiga teke kila noti bila kujua.

Kinanda kimeunganishwa na kompyuta

Pedali ikifika kwenye kompyuta huwa ni ujumbe namba 64 wa MIDI, lugha ambayo vinanda huzungumza na kompyuta. Thamani zake ni 0 hadi 127: chini ya 64 maana yake mguu juu, kuanzia 64 kwenda mbele maana yake mguu chini. Fungua sehemu ya programu inayoonyesha ujumbe unaoingia, kanyaga, utazame namba. Ikionekana 127 ukikanyaga na 0 ukiachilia, pedali na kinanda vimemaliza kazi yao. Sauti isiposhika, uliza programu. Ikionekana kinyume, rudi juu kwenye habari za polariti. Mara nyingine kurekodi kunasimamishwa mguu ukiwa chini, ule ujumbe wa kuinua haurekodiwi, na wimbo unaganda kila ukichezwa. Ongeza 0 mwishoni kwa mkono.

Ukifika dukani

Baada ya yote hayo, ikiwa bado unahitaji pedali, Luthuli Avenue ina maduka mengi ya vifaa vya umeme, lakini nenda ukiwa umeandika namba kamili ya kinanda chako. "Yamaha nyeusi" si namba. Iko kwenye kibandiko cha chini ya kinanda. Piga pia picha ya nyuma yake, matundu yote yaonekane. Baadhi ya vinanda vidogo havina tundu la pedali kabisa, na ni heri ulijue hilo kabla ya kupanda matatu.

Chukua mita. Nilipoitoa mara ya kwanza mbele ya kaunta, kijana wa duka alicheka.

"Mkubwa, hii inaingia kinanda chochote. Huna haja."

"Itaingia, ndiyo," nikamwambia. "Nataka kujua ikishaingia inasema nini."

Nikagusa ncha na shina. Ya kwanza ililia mguu ukiwa juu. Ya pili, kutoka kwenye sanduku lilelile lenye picha ileile, ililia mguu ukiwa chini. Kijana akazichukua zote mbili, akazigeuza, akatafuta tofauti kwa macho, hakuiona. Ya tatu haikulia kabisa, akairudisha nyuma ya rafu bila kusema neno. Nilichukua ya kwanza, kwa kuwa kinanda cha yule niliyemnunulia ni cha zamani, hakipimi, na kinataka upande wa Yamaha.

Zile tano za kanisani nimeziandika chini ya tumbo kwa kalamu nyeupe: "juu" kwa zinazolia mguu ukiwa juu, "chini" kwa nyingine. Mbili zinatumika, moja imekwenda kwa vijana wa mazoezi ya Jumatano, moja ni ya akiba. Ya tano ndiyo iliyokatika kweli, shingoni mwa jeki. Jeki yake ya skrubu nimeshainunua, imo mfukoni mwa koti la Jumapili.